Jinsi ya kuonyesha muvi za siku za mwisho kanisani bila kuumiza watoto

Kila mwaka korosho zikishauzwa vijana wa kanisa letu hapa Masasi wanaanza kuulizia muvi za Mpinga Kristo, na anayeshika projekta ni mimi, kwahiyo wapendwa wacha niwaelekeze tunavyofanya siku hizi.

Muvi uiangalie wewe mwenyewe mpaka mwisho kabla hujaiweka kwenye flashi. A Thief in the Night ni ya Marekani, ya mwaka 1972, kuna dada anaamka asubuhi mumewe hayupo, kanyakuliwa kwenda mbinguni yeye kaachwa, mashine yake ya kunyolea inanguruma yenyewe kwenye sinki. Ni hivyo tu, lakini huo mlio unakaa kichwani wiki nzima. Left Behind watu wanazichanganya, ya 2000 yupo Kirk Cameron, ya 2014 yupo Nicolas Cage, zote watu wanatoweka ndani ya ndege nguo zinabaki kwenye siti. The Omen ya 1976 iacheni kabisa, ile imetengenezwa kutisha watu.

Watoto wa shule ya msingi wasiwepo, hapa sibembelezi mtu. Tuliwahi kuwaacha wakakaa mbele kwenye mkeka. Kesho yake binti wa darasa la tatu katoka shule kakuta mlango wazi, mihogo inachemka jikoni, kanga ya mama yake iko chini pale kizingitini, mama hayupo. Mama alikuwa kaenda bombani tu jamani. Mtoto akakimbia kwa jirani analia mama kanyakuliwa mimi nimeachwa, na yule jirani, bibi wa Kiislamu, akampakata akampa uji mpaka mama mtu akarudi na ndoo yake kichwani. Nilienda kuomba radhi nyumba zote mbili na mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Halafu mkalimani. Muvi ni za Kiingereza kwahiyo lazima mtu ashike maiki, na hapo ndo pana hatari kuliko hata muvi yenyewe, maana wa kwetu alifika kwenye chapa ya 666, ile alama ya mnyama wa Ufunuo, akaanza kuongeza ya kwake, eti ndo hivi vitambulisho vya taifa tunavyoandikishwa, na kuna wazee waliondoka wameapa hawachukui. Mkalimani aiangalie muvi mara mbili kabla, atafsiri kinachosemwa, basi. Mkifika kwenye chapa bonyeza pozi, mtu asome Ufunuo 13:16-18 kwa sauti, watu wasikie wenyewe kilichoandikwa.

Na kabla hamjaanza waambieni ukweli huu: neno Mpinga Kristo kwenye Ufunuo halipo, lipo kwenye waraka wa kwanza na wa pili wa Yohana, na 1 Yohana 2:18 anasema wapo wengi na walishakuwepo tangu wakati ule. Yule kiongozi mmoja wa dunia mnayemwona kwenye muvi, watengenezaji wamemuunganisha na mnyama wa Ufunuo 13 na mtu wa kuasi wa 2 Wathesalonike 2. Hata ile ya watu kunyakuliwa kwanza ndo ije dhiki ya miaka saba ni mafundisho yaliyoenezwa na mhubiri John Nelson Darby karne ya 19, Wakatoliki na Waanglikana hawafundishi hivyo, na hapa kwetu hao ndo majirani na mashemeji zetu, msiwaambie wataachwa.

Vifaa havina maneno mengi, shuka jeupe livutwe lisikunjane, jenereta liwe na mafuta maana umeme wa huku mnaujua. Anzeni baada ya swala ya isha, spika zielekee ndani.

Ikiisha washeni taa kwanza. Wito wa kuokoka msiutoe gizani watu bado wanatetemeka, mwacheni mtu akalale, akiamka bado anataka kuokoka atakuja Jumapili kwa miguu yake. Wanaokaa mbali wasindikizwe na tochi mpaka mlangoni, na msigeuze mpaka msikie kuna mtu ndani kaitikia hodi.