Umebadili taa za gari kuwa LED na umeme umeanza kusumbua? Anzia hapa

Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21. Kwa volti 12 inavuta karibu ampea 1.75. LED inayochukua nafasi yake mara nyingi haifiki hata nusu ampea. Flasha (kifaa kinachoifanya indiketa iwake na kuzima), kompyuta ya gari na taa za dashibodi vyote vilipangwa kwa umeme ule mkubwa wa balbu ya uzi, ndiyo maana vikikutana na LED vinachanganyikiwa.

Usikimbilie dukani. Rudisha kwanza balbu ya zamani pale penye tatizo. Tatizo likiisha, chanzo ni LED. Likibaki, chanzo ni waya, holda au ethi (njia ya hasi inayorudi betri kupitia bodi ya gari), na hakuna LED ya bei yoyote itakayolitibu. Kama ulibadili zote kwa mpigo, rudisha zote za uzi, kisha weka LED moja moja huku ukijaribu kila hatua.

Taa haiwaki kabisa

LED inajali chanya na hasi, balbu ya uzi haijali. Kwa balbu za kuchomeka kama T10 na T20, ichomoe, igeuze upande wa pili, uichomeke tena. Ikikataa bado, angalia miguu yake: nyaya zile nyembamba za T10 mara nyingi hazigusi vizuri chuma cha holda. Zikunjue kidogo kwa ncha ya bisibisi. Za kuzungusha, zenye vishikio viwili pembeni, hazigeuziki. Hizo pima fyuzi, kisha volti kwenye holda.

Indiketa inapiga haraka

Mwendo wa kawaida ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Upande mmoja wenye balbu mbili za wati 21 na ya pembeni ya wati 5 unavuta karibu ampea 4. Umeme ukishuka ghafla, flasha inaamini balbu imeungua, na kupiga haraka ndiyo namna yake ya kukuarifu.

Dawa bora ni kubadili flasha na kuweka ya LED, isiyopima mzigo. Washa hazadi, sikiliza mlio unatokea wapi chini ya dashibodi, utaikuta. Ikiwa ni ya pini tatu, soma herufi zilizoandikwa karibu na pini: B ni umeme unaoingia, L ni unaokwenda kwenye taa, E ni ethi. Linganisha na flasha mpya kabla ya kuchomeka, kwa sababu zipo zinazofanana umbo huku B na L, au L na E, zimebadilishana nafasi. Ukitoka kwenye ya pini mbili kwenda ya pini tatu, lazima uvute waya wa ethi. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina flasha ya pini 8, na yake ya LED inauzwa pia.

Rezista, inayovuta umeme wa ziada ili mzigo ufanane na wa balbu ya uzi, ni ya pale ambapo flasha imo ndani ya kompyuta ya gari na haibadiliki. Tumia ya omu 6, wati 50. Inafungwa sambamba na balbu, yaani mguu mmoja kwenye waya wa indiketa na mwingine kwenye ethi. Ukiikatisha katikati ya waya haitasaidia kitu. Ikiwa umebadili balbu za nyuma tu, moja kwa kila upande inatosha. Kwa volti 14 inatoa joto la zaidi ya wati 30 kila taa inapowaka, kwa hiyo ifunge kwa skrubu kwenye chuma cha bodi, mbali na plastiki na nyaya. Gundi ya utepe itayeyuka. Na usiifunge kwenye taa ya breki bila sababu ya lazima: kwenye foleni mguu unakaa juu ya breki dakika nyingi, na rezista inachemka muda wote huo bila kupumzika.

Kwa wenye bodaboda: ukiwasha indiketa ya kushoto na ya kulia ikaitikia, chanzo ni taa moja ya kwenye mita inayotumika kwa pande zote mbili. Umeme unapita humo na kuvuka upande wa pili. Chukua dayodi mbili za 1N4007, moja itoke waya wa kushoto, nyingine wa kulia, zote zielekee mguu mmoja wa taa hiyo kwa upande wenye mstari mweupe. Mguu wa pili wa taa upeleke ethi.

Breki na taa ndogo zinachanganyana

Ukikanyaga breki taa ndogo zinawaka, au indiketa inatingisha mwanga wa taa ya breki: shuku ethi. Kutu kwenye skrubu ya ethi huufanya umeme utafute njia nyingine ya kurudi, na LED inawaka hata kwa umeme kidogo unaopotea huko.

Ipime hivi. Rudisha balbu za uzi, kwa sababu LED inavuta kidogo mno na itaficha ubovu. Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye ethi ya holda. Washa taa ndogo, mwingine akanyage breki. Chini ya volti 0.2 ni sawa. Ikizidi 0.5, fungua skrubu ya ethi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Fyuzi ikikatika unapokanyaga breki huku taa ndogo zinawaka, angalia aina ya balbu. T20 ya mianga miwili ina mipangilio miwili tofauti ya miguu, 7443 ya kawaida na ile ya CK. Ukichanganya, unapata shoti. Usiongeze ukubwa wa fyuzi.

LED inabaki na mwanga hafifu baada ya kuzima

Mara nyingi ni taa ya ndani. Umeme mdogo unavuja kupitia swichi au kompyuta. Rezista ya omu 470, wati 1, sambamba na balbu, inaumeza.

BMW, Volkswagen, Mercedes-Benz

Hizi hupima balbu, na nyingine hutuma umeme kwa mapigo ya haraka. Ndiyo sababu ya onyo kwenye dashibodi na taa kumetameta. LED za CANBUS, yaani zilizotengenezwa kwa magari yanayopima balbu, zina rezista ndani. Njia safi zaidi, pale gari linaporuhusu, ni fundi mwenye mashine kuzima upimaji wa taa hiyo.

Taa kubwa

Kwenye Toyota nyingi za zamani zenye H4 (balbu moja yenye uzi wa fuli na wa dimu), chanya ni ya pamoja na swichi inakata hasi. Nunua LED isiyojali upande. Hata hivyo taa ya bluu ya fuli inaweza kukataa, kwa sababu ilikuwa ikipata chanya yake kupitia uzi wa dimu. Waya wa H4 wenye rezista kati ya chanya na dimu unairudisha.

Redio ya FM ikianza kukoroma taa zinapowashwa, kelele inatoka kwenye kiboksi cha LED. Kisogeze mbali na waya wa antena na uvishe nyaya zake pete ya feraiti. Ikiendelea, badili balbu: kiboksi hicho hakina kichujio cha maana.