Kuosha injini ya boti kwa dawa ya oili: tunavyofanya Lamu

Juma lililopita nilimsaidia nahodha mmoja wa boti ya abiria, anayepiga safari za Mokowe na Amu, yaani mji wa Lamu, kuosha injini yake ya dizeli. Chupa ya dawa ya kuosha injini, ile inayomiminwa ndani ya oili, alikuwa nayo tayari. Dukani alikoinunua aliambiwa amimine tu, kisha aendelee na safari zake. Hapo ndipo nilipoona heri niandike. Dawa hii inafaa na mimi naitumia, lakini ukibebea abiria nayo ikiwa ndani, unaimaliza injini.

Kwanza ujue kwamba oili nzuri ya dizeli tayari imetiwa sabuni yake. Kuna viungo vya kalsiamu au magnesiamu vinavyozuia uchafu kuganda kwenye pistoni na ringi, na vinavyoua asidi. Kuna vingine vinavyoyashika masizi yaelee ndani ya oili mpaka siku ya kuimwaga. Ndiyo maana oili ya dizeli hugeuka nyeusi upesi, na weusi huo si kasoro. Anayebadilisha oili na filta kwa wakati hana haja ya chupa. Chupa ni ya injini iliyocheleweshwa kidogo, ringi zimeanza kunata, oili inapungua bila kuvuja popote.

Hatua ya 1: Injini yenyewe inafaa?

Fungua kifuniko cha kujazia oili, umulike ndani kwa tochi. Chomoa na dipistiki, kile kijiti cha kupimia oili.

Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Weka chupa kando, utafute yanakopita: gasketi ya silinda hedi, kipoza oili, au sili ya pampu ya maji ya bahari. Dawa haizibi tundu.

Ukikuta tope jeusi unaloweza kulikwangua kwa ukucha, usiweke dawa vilevile. Litabanduka mapande mapande, lishuke mpaka kwenye chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuliziba. Pampu ikikosa oili, beringi za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zinakauka na injini inakwama isizunguke tena. Injini ya namna hiyo hushushwa sampu, ikaoshwa kwa mkono na brashi. Ni kazi ya kutwa, na haina njia ya mkato.

Wavuvi wenye mashine za nyuma za kuchanganya oili na petroli, chupa hii haiwahusu. Mashine hizo hazina sampu, oili inaungua pamoja na petroli.

Hatua ya 2: Ngoja maji

Anza maji yakijaa, boti ielee sawasawa. Injini itanguruma ikiwa imefungwa gatini, na inapozwa kwa maji ya bahari. Maji yakipwa, tundu la kunyonyea likatoka juu au likavuta mchanga, pangaboi ya mpira iliyo ndani ya pampu inaungua kwa dakika chache tu.

Hatua ya 3: Pasha, mimina

Pasha injini mpaka ifike joto lake la kazi. Izime, mimina dawa juu ya oili ile ile ya zamani, washa tena. Chupa nyingi za mililita 300 ni za oili ya lita 4 hadi 5, ila soma lebo ya chupa yako. Iache ingurume polepole kwa dakika 10, gia ikiwa huru, bila kupiga resi. Macho yasitoke kwenye geji ya presha ya oili. Ikishuka kuliko kawaida yake, zima hapo hapo.

Wengine hutia mafuta ya taa au dizeli badala ya dawa. Siungi mkono hata kidogo. Vinaifanya oili kuwa nyepesi mno hata isiweze kuzitenganisha beringi na kranki, na havina kiungo cha kuzilinda.

Hatua ya 4: Kuitoa yote

Hapa ndipo saa zinapoishia. Kwenye gari ungefungua bolti ya chini, ukaenda kunywa kahawa. Kwenye boti bolti hiyo iko ngamani, chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika, mkono haufiki, na ukiifungua oili inamwagika kwenye maji ya ngama kisha inatupwa baharini pamoja nayo. Kwa hiyo tunanyonya kupitia tundu la dipistiki.

Tumia pampu ya mkono yenye tangi lake. Zile ndogo za umeme wa betri sizipendi, zinachoka na oili nzito. Mpira wa kunyonyea uwe mgumu wa kuhimili joto, kwa sababu ule laini unajikunja na kujiziba, nawe utadhani sampu imekwisha. Upime kwa dipistiki, utie alama, ndipo ujue umefika chini. Ncha yake ikate mshazari isije ikajibana kwenye bati la sampu.

Injini nyingi zimelala kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, na oili nayo hujikusanya huko. Tundu la dipistiki likiwa mbele, waombe vijana wawili wakae omo, mbele ya boti, wakati unanyonya, na utaona oili inarudi. Nyonya ingali moto, dakika 5 baada ya kuzima, ukiwa na glavu.

Kisha pima ulichotoa. Injini ya lita 5 ikikupa lita 4 na kidogo, inayobaki ndani ina dawa, na itaipunguzia oili mpya uzito. Kwa hiyo tia oili ya bei nafuu ya daraja lile lile mpaka alama ya chini ya dipistiki, washa dakika 5 polepole, unyonye tena. Wenye boti hulalamikia gharama hii, nami huwa sikubali iachwe.

Oili chafu iweke kwenye jerikeni lenye kifuniko, uwapelekee wanaokusanya. Isiguse maji wala mikoko.

Hatua ya 5: Filta mpya, oili mpya

Kwa joto letu, oili ya uzito wa 15W-40. Tafuta herufi C ya dizeli kwenye kopo, CF-4 au CI-4. Yenye S peke yake ni ya petroli.

Baada ya saa 25 za kazi badilisha filta tena, ile uliyoitoa uipasue uangalie karatasi yake. Usiikate kwa msumeno, maana vumbi la msumeno litakudanganya. Uchafu mweusi laini ni wa kawaida. Ukiona chembe zinazong'aa, zipitishie sumaku. Zisiposhikwa, huenda ni beringi zinalika, na boti hiyo isipakie abiria mpaka zifunguliwe.