Roma kwa mutu wa Goma: namna ya kupanga siku nne

Kama uko Brussels, Lyon, Oslo ao Manchester na unafikiri kwenda kutembea Roma, anza kwa kutupa zile programu za "Roma kwa siku mbili". Siku mbili utarudi na picha za migongo ya watu. Chukua siku nne, tano kama unaenda na mama ao na watoto, na usipange safari yote kwa kufuata Colosseo (ule uwanja wa michezo wa Warumi wa zamani) peke yake, Colosseo imesimama pale toka mwaka 80, haikimbii mutu. Mi nasema hivi: sisi watu wa Goma, na Wakongomani kwa jumla, tuko na vitu vyetu kabisa ndani ya ule muji, vitu vyenye waongozaji wa watalii hawaoneshaki, na ukipanga safari yako kwa kuzunguka vile, ile mingine yote utaikuta njiani.

Tuanze na makaratasi juu ndiyo yanasumbuaka. Ukiwa na kadi ya kukaa ya inchi moja ya Schengen, Ubelgiji, Ufaransa, Norway na zingine, pamoja na pasipoti yenye ingali nzima, Italia unaingia bila viza ingine, mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Ile karatasi ya kungojea wanakupaka wakati faili yako ingali inasomwa, usipande nayo ndege bila kuuliza kwanza. Na mwenye anatembea na pasipoti ya mkimbizi, aulize ubalozi wa Italia wa kule anaishi mbele ya kulipa tiketi. Wenye muko Uingereza ao Ireland na pasipoti ya Kongo, lazima viza ya Schengen: euro 90 kwa mtu mkubwa, bima ya matibabu ya euro 30.000 kwa uchache, pasipoti ibakie na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka, na faili inapokelewa toka miezi sita mbele mpaka siku 15 kabla ya safari. Hizo siku 15 musizitegemee, randevu zinaishaka mapema, anza miezi mitatu mbele. Kuleta mzazi toka Goma ni habari ingine kabisa, hapa siigusi.

Wakati wa kwenda: kimbia mwezi wa nane. Joto linapita digri 35 na wenyeji wenyewe wanahama, tarehe 15 Agosti maduka mingi yamefungwa. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni muzuri, wa pili na wa tatu pia, ila Pasaka inapandisha bei ya vyumba. Kama unapenda sherehe, tarehe 29 Juni ni sikukuu ya Petro na Paulo, Roma yote haitumiki ile siku.

Tiketi za Colosseo nunua mbele, ku saiti yao rasmi, zinafunguliwa siku 30 kabla, euro 18, na ndani yake kuna Foro Romano na Palatino, mabomoko ya Roma ya zamani pale pembeni. Sasa sikilizeni wenye majina matatu: tiketi inabeba jina na ku mlango wanaangalia kitambulisho. Andika sawa vile iko kwenye pasipoti, usiweke jina la ubatizo pekee na kuacha postnom (jina la kienyeji) ao kinyume chake, kisha unaanza kueleza Mwitaliano namna majina ya Kongo inatumikaka na nyuma yako kuna mstari wa watu mia wenye jua kichwani. Watoto wa chini ya miaka 18 hawalipi lakini nao tiketi yao lazima. Makumbusho ya Vatikani ni euro 20, na 5 juu yake kama unareserve ku intaneti, lipa tu hiyo 5. Jumapili wanafunga, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi yenye iko bure, na mi siku ile sikushauri, utasimama nje asubuhi mzima ju ya kuokoa makuta kidogo na ndani mtasukumana mpaka kapela ya Sistina bila kuinua macho. Bei zote hizi angalia tena mbele ya kulipa.

Kushuka ku uwanja wa ndege wa Fiumicino kuna treni mbili. Ile ya Leonardo Express inafika Termini, gare kubwa ya katikati, kwa dakika 32, euro 14. Ingine ya kawaida ni euro 8 lakini haiendi Termini, inapita Trastevere na Ostiense, so inategemea umelala wapi. Kulala, jaribu nyumba za masista: ziko mingi Roma, safi, bei nafuu kuliko hoteli, tu uulize saa wanafunga mlango usiku. Karibu na Termini pia hoteli ni za bei ya chini na metro zote mbili kubwa zinakutana pale. Fasi yoyote utalala utadaiwa kodi ya muji kwa kila mutu kwa kila usiku, haikuwa ndani ya ile bei ulilipa ku intaneti, usigombane na bibi wa mapokezi. Tiketi ya metro na bisi ni euro 1,50 kwa dakika 100, ao unagusisha kadi yako ya benki tu ku mashine.

Siku ya kwanza mi naanzishaka watu Santa Maria Maggiore, unatoka Termini kwa miguu kidogo tu. Watu wote wanaenda kwa kaburi la Papa Francisko, alizikwa pale Aprili 2025, jiwe lenye neno moja tu, Franciscus, na sisi tunaenda pia, juu tunakumbuka mwaka 2023 alifika Kinshasa na Goma hakufika, ile safari yetu ilifutwa kwa sababu ya vita. Lakini usitoke hapo. Uliza batisterio, fasi ya kubatizia. Mule kuna sanamu ya kichwa na kifua ya mwanaume mweusi, ya jiwe jeusi: ni Antonio Manuel Ne Vunda, balozi wenye mfalme Alvaro wa Pili wa Kongo alituma kwa Papa. Ni ufalme wa Kongo wa Mbanza Kongo, leo iko Angola, si RDC yetu kabisa, lakini ni nani atatukataza kusema ni ndugu. Safari yake ilichukua karibu miaka ine, maharamia walimupokonya vitu ku bahari, alikawia Uhispania, alifika Roma mwanzo wa Januari 1608 akiwa mgonjwa na alikufa siku chache tu nyuma. Papa Paulo wa Tano mwenyewe alikuja kumuangalia ku kitanda. Na ni Papa uyo uyo alijengesha ile kapela kubwa ya pembeni yenye picha ya Bikira Maria yenye Francisko alikuwa anaenda kuombea mbele ya kila safari. So fasi moja unaona mambo ya 1608 na ya 2025, na kuingia ni bure. Kama batisterio imefungwa, omba mlinzi kwa upole, mara ingine anafungua.

Kisha panda metro B mpaka kituo Basilica San Paolo. Hapa mutu wa Goma asiruke. Tarehe 15 Juni 2025 ndani ya ile basilika walimutangaza Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wetu wa OCC, ofisi ya serikali yenye inakaguaka bidhaa, alikataa rushwa ya kupitisha muchele wenye uliharibika toka ng'ambo ya mpaka, walimuteka na kumuua Julai 2007, alikuwa na miaka 26. Kaburi la mtakatifu Paulo liko chini ya altare kubwa, na juu ukutani mzunguko wote kuna picha za mapapa wote toka Petro, watoto wanapenda kutafuta mwenye anafanana na padri wa parokia. Floribert alikuwa mtu wa Sant'Egidio, jumuiya ya Wakatoliki, na nyumbani kwao ni mtaa wa Trastevere, kuna sala ya jioni ndani ya Santa Maria in Trastevere, inaimbwa vizuri sana. Karibu tu, ku kisiwa cha mto Tevere, kuna San Bartolomeo, kanisa lenye linakumbuka mashahidi wa siku zetu. Tembea kwa miguu toka moja mpaka ingine, njia ni fupi.

Viatu sasa. Barabara za katikati zimetandikwa mawe meusi ya volkano, na mutu mwenye alitembeaka Goma juu ya mawe ya Nyiragongo anajua kisigino kinafanya nini pale. Raba, basi.

Vatikani: usipange basilika Jumatano asubuhi kama hauendi kwa audiensi ya Papa (mkutano wake na watu), wanafunga. Audiensi tiketi ni bure, yeyote anakuuzia ni mwizi. Kuingia San Pietro pia ni bure lakini kuna mstari wa ukaguzi, fika saa moja asubuhi. Mabega na magoti yafunikwe, mama mmoja na kitenge ndani ya saki anaokoa familia nzima. Kupanda kuba ni ngazi 551, ukilipa lifti zinabaki 320, na zile zinabana, mwenye presha abakie chini aangalie ule obelisko (nguzo ndefu ya jiwe) wa katikati ya uwanja, ni wa Misri.

Foro Romano pita ku tao la Septimius Severus, kaisari mwenye alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, watoto wajue. Na ukitoka metro Circo Massimo utaona jengo kubwa jeupe la FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa: lilijengwa kuwa wizara ya makoloni ya Italia ya Afrika. Mbele yake ndiyo walikuwa wamesimamisha obelisko ya Axum waliyoiba Ethiopia 1937, ilirudi kwao 2005. Leo fasi ile kuna nguzo mbili za kukumbuka wenye walikufa tarehe 11 Septemba 2001 Amerika.

Jumapili tafuta kanisa dogo la Natività di Gesù, ku Piazza Pasquino nyuma ya Navona, ndiyo kanisa la Wakatoliki Wakongomani wa Roma. Uliza saa ya misa mbele. Ukitoka hapo Pantheon, hekalu la Warumi wa zamani, iko dakika tano, euro 5.

Njaa ya nyumbani ikikamata, asubuhi nenda soko la Esquilino karibu na Piazza Vittorio, muhogo, ndizi za kupika, samaki, pilipili, vyote. Kahawa kunywa umesimama, ukikaa bei inapanda. Maji usinunue, bomba za barabarani ni za kunywa. Ku ngazi za Piazza di Spagna usikae, kuna faini. Simu na pasipoti viwe mbele ya tumbo, zaidi ndani ya bisi 64 na metro ya Termini, na utembee na kadi yako ya kukaa ya kweli, si fotokopi, juu polisi wa Termini wanaulizaka sisi mara mingi. Mwenye atakuitia "Afrika! Afrika!" akikufunga bangili ku mkono akisema ni zawadi, rudisha mkono haraka, zawadi ile inalipishwa.

Rozari za watu wa nyumbani, juu wataagiza tu, usinunue ku barabara kubwa mbele ya San Pietro, ingia njia za pembeni. Zitie zote ndani ya mfuko, simama nazo ku uwanja Jumapili saa sita za sala ya Angelus, baraka ya Papa inafikia na zile ziko ndani ya mfuko. Kuzifikisha, tafuta mutu mwenye anashuka Kigali azipitishe ku Grande Barrière, ule mpaka wa Rwanda na Goma.