Wasifu wa picha kwa watoto: usiuruke ukurasa anaochekwa

Nafundisha darasa la tatu wilayani Lushoto. Jumatano kipindi cha mwisho tunasoma kitabu cha picha kuhusu maisha ya mtu wa kweli, na wenzangu huniuliza nafanyaje mpaka watoto wanasikia kengele na bado hawanyanyuki. Hakuna uganga. Ni jinsi ya kuchagua kitabu, na jinsi ya kukaa nacho.

Kabla ya kununua au kuazima, kifungue katikati. Jalada usilitazame sana, majalada yote yanatabasamu. Tafuta ukurasa ambao mhusika kakwama: kachekwa, kakosa ada, kaambiwa haiwezekani. Ukiukosa, kirudishe rafuni. Kitabu kinachoanza na tarehe ya kuzaliwa kikaishia kwenye tuzo, katikati mambo yote yakiwa yamenyooka, kinamfundisha mtoto kupiga makofi tu. Mtoto wa miaka 9 hajui tuzo ni kitu gani, lakini kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango anakujua vizuri sana.

Ukiupata ukurasa huo, tazama mikono ya mhusika. Inafanya nini? William Kamkwamba wa Malawi aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, akawa anakwenda kusoma kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi. Kutokana na picha alizoziona kitabuni akaunda kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli, feni ya trekta na magogo ya mikaratusi, nyumbani kwao taa ikawaka. Picha ya kijana akifunga feni kwenye baiskeli inawavuta watoto mpaka pua zinagusa karatasi. Picha ya kijana huyohuyo mbele ya maikrofoni wanaipita.

Vitabu vingi vya aina hii ni vya Kiingereza. Usijaribu kutafsiri ukiwa umesimama mbele ya darasa, utaishia kwenye "yaani, yaani" mpaka walale. Kisome usiku nyumbani, andika Kiswahili chako kwa penseli kwenye vikaratasi, ubandike kila kimoja chini ya picha yake kwa selotepu. Sentensi mbili tatu zinatosha, na tumia vitu vya huku kwenu. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, alisimulia kwamba utotoni, huko Nyeri, alikuwa akitumwa maji kwenye kijito, akacheza kwenye majani ya nduma, akaona mayai ya vyura yameshikana kama shanga. Kila akijaribu kuyaokota yanakatika vidoleni. Nduma ni magimbi, na magimbi yetu yamejaa kando ya kila kijito. Nikisoma hapo nasimama, nachovya vidole hewani, nawaachia wao wachovye. Hapo ndipo anapokuwa mtoto mwenzao. Tukifika anaporudi kutoka masomoni Marekani na kukuta mti wa mugumo umekatwa na kijito kimekauka, huwa sihitaji kueleza kwa nini mwaka 1977 alianza kupanda miti na akina mama. Wanaeleza wao. Nobel ya mwaka 2004 naitaja kwa sentensi moja tu.

Usipopata kitabu, tengeneza. Kusema kweli hivi vya kutengeneza ndivyo ninavyovipenda zaidi, kwa sababu vinaweza kumhusu mtu ambaye wachapishaji wa mbali hawamfikirii. Chukua manila, kata kila moja katikati, panga karatasi 3 juu ya jalada, kunja, kisha shona mgongoni kwa uzi wa magunia. Unapata kurasa 12 kubwa kiasi kwamba hata aliyekaa nyuma ataona. Stepla haishiki manila vizuri.

Cha kwanza wanachotaka kila mwaka ni cha Erasto Mpemba, kwa kuwa Magamba, alikosoma, ni hapa hapa kwetu. Mgawanyo wangu wa kurasa ni huu, uuchukue ulivyo.

Mwaka 1963, wanafunzi wa sekondari ya Magamba wanachemsha maziwa na sukari ili watengeneze aiskrimu. Kawaida wanasubiri mchanganyiko upoe kwanza, lakini nafasi kwenye friji ni chache. Mwanafunzi mmoja anaweka wake bila hata kuuchemsha. Mpemba, wa kidato cha tatu, anaogopa kukosa nafasi, anaingiza wake ukiwa wa moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu wanafungua: wake umeganda, wa mwenzake bado ni uji mzito. Hizo ni kurasa nne, na chora friji kwenye kila moja.

Ukurasa wa tano, anamwuliza mwalimu wa fizikia. Jibu: umechanganya, haiwezekani. Wa sita wanaupenda kuliko yote: likizo, Tanga mjini, rafiki yake anayeuza aiskrimu anamwambia kwamba yeye siku zote huweka ya moto, maana inaganda haraka. Waonyeshe watoto hapo kwamba muuza aiskrimu alikuwa anajua jambo ambalo mwalimu hakulijua.

Wa saba, Mpemba yuko shule ya Mkwawa, Iringa. Anauliza tena. Mwalimu anamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na tangu siku hiyo akikosea hata hesabu darasa zima linamtania hivyohivyo. Wa nane, anaingia peke yake maabara ya biolojia na bika mbili, vile vikombe vya kioo vya maabara, moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji ya moto, anaziweka kwenye friji. Wa tisa, Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam anakuja kuzungumza shuleni, Mpemba ananyanyua mkono, wenzake wanacheka. Wa kumi, Osborne anarudi Dar na kuagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara anakuta la moto limetangulia kuganda, anasema wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Wa kumi na moja, mwaka 1969, makala inatoka katika jarida la fizikia ikiwa na majina yao wawili. Wa mwisho uache nusu wazi, kwa sababu wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa nini. Watoto wanafurahi kusikia kuna ugomvi ambao haujaisha.

Sasa namna ya kusoma. Ukifika ukurasa wa saba, funga mdomo. Usiseme "mnaona jinsi alivyokuwa jasiri". Uliza swali moja: "Ungekuwa wewe, kesho yake ungefanya nini?" Kisha subiri, hata kimya kikikukera. Mmoja atasema angemwuliza mwalimu mwingine. Mwingine atasema, "Ningenyamaza, nisije nikachapwa." Jibu hilo usilikemee. Ni la kweli, na wenzake wakilisikia limepokelewa, wanaanza kutoa yao. Mwaka jana mtoto ambaye mama yake anauza barafu za ubuyu alisema angekwenda kumwuliza mama. Akaenda kweli. Jumatano iliyofuata tuliambiwa kwamba mama anapoza kwanza, kwa sababu ya moto inaharibu friji, na friji ni ya mkopo. Mjadala ukawa mkubwa kuliko wa fizikia.

Jaribio lenyewe unaweza kulifanya kwa vikombe viwili vya bati na friji ya jirani, mtu mzima akimimina maji ya moto. Majibu yakija kinyume, andika hivyohivyo ubaoni.

Neno la kukataa kabisa ni "na wewe ukisoma kwa bidii utakuwa kama yeye". Anayejua hatakuwa anaacha kusikiliza. Pia usimtilie mhusika maneno mdomoni. Kama haijulikani alisema nini, andika alichofanya. Kwa John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Tanzania, inatosha kabisa: Mexico, 1968, mbio za marathoni, kaanguka, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, na bado anakimbia. Hicho kiweke karibu na siku ya michezo ya shule, na umpe akisome kwa sauti yule aliyekuwa wa mwisho, kama anataka.

Kitabu kikiisha, kikabidhi kwa mtoto akakilaze kwao, ndani ya mfuko wa kitambaa maana mvua za huku hazina ratiba. Masharti ni mawili: amsomee mtu mzima, na mtu mzima aseme lililokosewa. Acha nafasi nyuma ya jalada kwa kazi hiyo. Tulipotengeneza cha Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliyetoka Fumba akiuza vyungu na mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi nyimbo, watoto walimchora amevaa kaniki yenye maua mekundu. Bibi wa mmoja wao akarudisha ujumbe nyuma ya jalada: kaniki haina maua, ni nyeusi tupu. Tukabandika kipande cha manila nyeusi juu yake.