Kufundisha mzingo kwa rula na uzi, kanuni ije mwisho

Mtoto aliyekaririshwa 2 × (urefu + upana) siku ya kwanza atapata kila mstatili, kisha akwame mbele ya pembetatu. Aanze kwa kupima.

Kila kundi la watoto watatu lipewe rula ya sm 30, penseli, uzi wa katani wa mita moja na maumbo manne ya boksi gumu. Uzi wa kufumia haufai, unavutika. Kata mstatili wa sm 12 kwa 7 na mraba wa sm 9. Kwa pembetatu, kata mstatili wa sm 8 kwa 6 toka kona hadi kona: upande wa tatu unakuwa sm 10 kamili, hivyo hakuna desimali. Umbo la nne ni herufi L: chukua mstatili wa sm 10 kwa 8, ondoa kwenye kona moja kipande cha sm 4 kwa 3, na ukitunze. Usiandike vipimo juu ya maumbo.

Hatua ya 1: kidole na uzi. Mtoto aweke kidole kwenye kona, akipitishe ukingoni mpaka arudi palepale. Kisha auzungushe uzi njia hiyohiyo, aunyooshe na kuupima. Uzi wa mraba utafika sm 36, yaani utapita rula. Atie alama kwenye 30 ndipo aisogeze. Urefu huo ndio mzingo.

Hatua ya 2: kusoma rula. Sasa apime kila upande kwa rula, kisha ajumlishe. Makosa mengi huzaliwa hapa. Rula nyingi zina nafasi kabla ya sifuri, na watoto wengine huanzia kwenye 1 kwa kuwa kuhesabu huanza na moja. Ukiona mstatili umeleta 42 badala ya 38, au pembetatu 27 badala ya 24, jibu limezidi kwa idadi ya pande: huyo anaanzia 1. Mkalishe na rula, usimrudishe kwenye kujumlisha.

Hatua ya 3: nukta na tiki. Aweke nukta kwenye kona ya kuanzia, na tiki kwenye kila upande aliokwisha kuupima. Aandike 12 + 7 + 12 + 7 = 38. Jibu la 19 ni pande mbili tu. 31 ni upande mmoja wa sm 7 uliosahaulika. Apime pande zote nne hata akisema zinalingana.

Hatua ya 4: herufi L. Kabla ya kupima, waulize kama mzingo umepungua baada ya kona kukatwa. Wengi watasema ndiyo. Wapime: 10 + 8 + 6 + 3 + 4 + 5 = 36, sawasawa na mstatili wa awali. Rudisha kile kipande mahali pake waone kwamba kingo mbili mpya zina urefu uleule wa zile mbili zilizoondoka. Sasa kata pengo katikati ya upande wa sm 10, upana sm 2 na kina sm 3. Boksi limepungua, mzingo umepanda hadi 42. Kwa anayechanganya mzingo na eneo, dakika hizi tano zina faida kuliko maelezo marefu ubaoni.

Kwenye karatasi ya miraba, mstatili wa 5 kwa 3 huleta 12 kwa anayehesabu vyumba vya pembeni. Jibu ni 16, maana chumba cha kona kina kingo mbili za nje. Apake rangi mstari, asipake chumba.

Meza ya m 1 kwa sm 60 isiwe 122. Wabadili kwanza: sm 320.

Mtoto akianza mwenyewe kujumlisha 12 na 7 kisha kuzidisha kwa 2, andika kanuni. Siku hiyohiyo mpe umbo la pande tano zisizolingana. Akizidisha kwa 2, mrudishe kwenye nukta na tiki.