Namna ya kuchagua mapambo ya mti wa Krismasi nyumba nzima ikashiriki

Ikifika tarehe 18 au 20 Desemba, magari ya kutoka Dar es Salaam yanaanza kupanda Moshi. Nyumba zilizofungwa tangu Januari huko Kibosho, Marangu, Machame na Rombo, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, zinafunguliwa, mashuka yanaanikwa, na kabla chai haijaiva mtu anauliza, "Na mti je?" Hapo ndipo simu yangu inaita. Mimi ni mpambaji. Mwaka mzima napamba harusi, komunyo na kipaimara. Desemba napamba miti majumbani mwa watu.

Miaka ya mwanzo niliwahi kukosea, na kosa lile ndilo lililonifundisha kazi. Mama mmoja alinitumia picha kwa simu: mti wenye mipira ya dhahabu na nyeupe tu, basi. Nikaufanya kama ulivyo kwenye picha. Jioni bibi mwenye nyumba akatoka jikoni, akakaa, akautazama kitambo kirefu, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, cha kwangu kiko wapi?" Boksi lake lilikuwa limepelekwa stoo lisije likaharibu rangi. Ndani yake mlikuwa na minyororo ya karatasi ambayo watoto wake waliitengeneza wakiwa shule ya msingi. Mmoja wa watoto hao ni yule mama aliyenitumia picha.

Tangu siku hiyo sigusi mti kabla familia haijakaa. Hivi ndivyo ninavyoendesha kazi, nawe unaweza kuifanya nyumbani kwako bila kumlipa mtu.

Hatua ya 1: Kaeni kabla ya kwenda dukani

Nusu saa baada ya chakula cha usiku inatosha. Swali ni moja: "Ungependa kuona nini kwenye mti mwaka huu?" Kila mtu ajibu, mmoja aandike kwenye daftari.

Aanze mdogo kuliko wote, amalize mkubwa kuliko wote. Utaratibu huu usiuache. Kwetu mkubwa akishasema, wengine wanaitikia tu. Ukianza na babu, kikao kimeisha na watoto hawajafungua mdomo. Wakianza wadogo, babu anasikiliza, na zamu yake ikifika mara nyingi anaongezea juu ya yale waliyoyasema.

Watoto watataka taa, tena za rangi zote. Mabinti waliokua watakuwa na picha kwenye simu. Yuko baba mdogo ambaye atasema, "Chochote tu." Jibu hilo usilipokee. Muulize ni Krismasi gani ya utotoni anayoikumbuka. Mzee mmoja wa Marangu niliyemuuliza hivyo alinyamaza, halafu akasema walikuwa wakiokota maganda ya mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, yale marefu magumu yenye mbegu zinazolia ndani, wakayatikisa kama kayamba wakienda kanisani. Mwaka ule tuliyatundika manne karibu na shina, mbegu zake zikiwa ndani. Kila mtoto aliyepita aliyatikisa. Mzee alikaa sebuleni kutwa.

Wasiokuwepo wapigiwe simu. Aliye Marekani au Oman naye ana pambo lake, hata kama litatundikwa na mtu mwingine kwa niaba yake.

Kuna jambo moja ninaloliheshimu sana. Familia moja iliniomba niweke jani la isale kwenye mti kwa sababu ndugu wawili walikuwa wamepatana mwaka ule. Kwa Wachaga isale ni jani la kuombea msamaha, siyo ua la kupendezesha nyumba. Niliwaambia sitaliweka mimi. Kama mnalitaka, mkubwa wa familia aliweke kwa mkono wake mbele ya wote, na liwe moja tu. Ndivyo walivyofanya.

Hatua ya 2: Utazame mti wenyewe

Pambo linafuata tawi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua chochote, jueni mti wenu unabeba nini.

Huku mlimani wengi tunakata tawi kubwa la saiprasi kwenye uzio wa shamba. Lina harufu nzuri na umbo zuri, lakini vitawi vyake vinainama. Tundika kijiko cha chai kwenye ncha ya tawi: likishuka mpaka kijiko kinataka kuteleza, hapo pataning'inia karatasi, kitambaa na vitu vyepesi, na vizito vitaingia ndani karibu na shina. Walioko pwani wanaotumia mvinje wawe waangalifu zaidi, maana vitawi vyake ni kama nyuzi. Mti wa plastiki wenye waya ndani unabeba karibu kila kitu.

Tawi bichi lisimamishwe kwenye ndoo ya kokoto na maji, na maji yaongezwe kila siku. Saiprasi iliyokauka inashika moto upesi mno, ndiyo maana mishumaa siiruhusu kabisa kwenye mti. Na tawi mlikate kwenye shamba lenu. Msitu wa juu ni wa hifadhi.

Hatua ya 3: Mwageni boksi la mwaka jana

Tandikeni mkeka, mmwage kila kitu. Gaweni mafungu matatu: vizima, vinavyotengenezeka, na vya kutupa. Vioo vilivyopasuka na taa zenye waya uliochubuka vinaingia fungu la tatu bila mjadala. Vingine vyote, kabla hamjavitupa, ulizeni, "Hiki ni cha nani?" Nyota ya kadibodi iliyopinda inaweza kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha mtoto ambaye sasa yuko chuo.

Hatua ya 4: Chagueni rangi mbili, ya tatu iwe ndogo

Hapa ndipo wanapogombana. Anayetaka dhahabu tupu na anayetaka rangi zote wote wana haki, na njia ya kuwapatanisha ipo. Chagueni kitenge kimoja ambacho wote mnakipenda. Tazameni rangi mbili zinazotawala humo. Hizo ndizo rangi za mti. Rangi ya tatu, ile inayoonekana kidogo kidogo kwenye kitenge, iwe ya vitu vichache. Aliyebuni kitenge alishazipatanisha rangi hizo kabla yenu.

Minyororo ya bibi ikiwa haifanani na rangi hizo, iwekeni. Izungusheni chini ya mti au ndani ndani, taa ziipitie kwa nyuma. Karatasi iliyopauka ikipigwa na mwanga wa njano inapendeza kuliko mipira mingi ya dukani.

Hatua ya 5: Tengenezeni vyenu

Mtu atasema hapa kwamba vitu vya shambani siyo vya Krismasi. Asikusumbue. Mwaka 1605, huko Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa, iliandikwa kwamba watu walisimamisha miti sebuleni wakaitundika maua ya karatasi za rangi, matufaha na peremende. Tufaha lilikuwa na sababu yake: katika kalenda za zamani za Wakristo wa Ulaya, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya Adamu na Hawa. Ile mipira ya kioo ilikuja baadaye, karne ya 19, kwa mafundi wapuliza vioo wa Lauscha, Ujerumani, na umbo lake limetoka kwenye tunda. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliofika Machame mwaka 1893 walitoka katika nchi hiyohiyo ya mti. Basi waliouanzisha walitundika kilichokuwa jikoni na bustanini kwao. Sisi tuna buni, tuna mgomba, tuna katani.

Pambo ninalolipenda kuliko yote ni mpira wa kitenge, na mtoto wa miaka saba anaweza kuutengeneza. Nenda kwa fundi cherehani uombe vipande vya vitambaa. Desemba vimejaa chini ya cherehani yake. Viringisha vipande vya hovyo kama unavyofunga mpira wa chandimu, ukikaza kwa uzi kila baada ya mizunguko michache, mpaka upate ukubwa wa yai, kama sentimita 5. Kata duara la kitenge lenye upana wa sentimita 20. Weka mpira katikati, kusanya kingo juu, vuta kwa mkono mmoja huku mwingine ukilainisha mikunjo kuelekea juu. Mikunjo yote ikishapanda, funga kwa kamba ya katani mara tatu, acha kitanzi cha kutundikia. Kile kitambaa kinachobaki juu ya fundo usikikate. Kifungue kama ua. Mpira huu mtoto akiuangusha, hauvunjiki.

Mengine ni mepesi. Buni zilizokaangwa, kiasi cha konzi moja, zifungwe kwenye kifuko cha wavu: sebule nzima inanukia kahawa. Magome makavu ya mgomba yanasukwa nyota. Matunda makavu ya paina yafutwe vumbi, yasipakwe rangi. Na kama kuna mkwe kutoka pwani, mpeni ukindu. Mke wa kijana mmoja wa Kibosho, mtu wa Tanga, alisuka ukili akaufanya nyota ya juu ya mti, na tangu hapo nyumba ile hawajanunua nyingine.

Vipande vya machungwa makavu mimi sivitumii. Siku ya tatu sisimizi wameshajipanga foleni.

Hatua ya 6: Nunueni kilichobaki, hasa taa

Sasa ndiyo mwende sokoni, na daftari mkononi. Mkiwa Dar, Kariakoo kuna kila kitu, lakini msiende wikendi ya mwisho kabla ya sikukuu.

Mti wa futi 6 unatosheka na taa 200 hadi 300. Chukueni za LED. Hazichemki na zinakula umeme kidogo. Ombeni ziwashwe palepale dukani kwa dakika tano, kisha shikeni plagi na kile kiboksi chake. Kikiwa cha moto, rudisheni. Mimi niliwahi kupuuza hilo, plagi ikayeyukia kwenye soketi ya mteja usiku wa mkesha. Mungu alisaidia, mtu alikuwa macho.

Taa alizoleta mjomba kutoka Marekani zisomeni kwanza. Zikiwa zimeandikwa 120V tu, msizichomeke, kwa sababu umeme wetu ni wa volti 230.

Hatua ya 7: Kutundika

Taa zitangulie. Anza chini, zipeleke mpaka karibu na shina kisha zirudishe nje kwenye ncha, tawi kwa tawi, ndipo mti uwe na kina. Ifuate ile minyororo, halafu vitu vikubwa ndani, vidogo nje. Chini ya usawa wa kiuno kisiwepo kitu cha kioo.

Kisha mpambaji akae pembeni. Kila mtu atundike pambo lake mahali anapopataka. Matatu yakirundikana tawi moja, msiyahamishe watoto wakiona. Nyota ya juu aiweke mdogo, akiwa amebebwa na mkubwa anayeweza bado kumbeba.

Hatua ya 8: Kuvua na kutunza

Kwa desturi ya kanisa mti hukaa hadi Epifania, tarehe 6 Januari, lakini wengi wenu mtakuwa mmeshashuka Dar. Vueni siku moja kabla ya safari, wote mkiwepo. Mipira iingie kwenye trei za mayai, moja moja. Taa zizungushwe kwenye kipande cha kadibodi zisijifunge mafundo. Vifuko vya buni vitolewe vikanywewe, maana panya watavifuata. Boksi likae juu ya kabati, lisikae sakafuni stoo, na ndani ya kifuniko bandikeni ile karatasi ya daftari yenye majina: nani, pambo gani, mwaka gani. Kalamu muifunge kwa uzi palepale kwenye boksi, kwa ajili ya Desemba ijayo.