Jinsi ya kusoma kanisa la kale la Uingereza, hata kama unaliona kwa simu tu ukiwa Kisumu

Wengi wetu huku Kisumu, Vihiga na Kakamega tuko na mtu Uingereza, nesi ama mwanafunzi, na anatuma picha ya kanisa la mawe limezungukwa na makaburi, anaandika "hili lina miaka 900", sisi tunaweka laiki tunapita. Hiyo miaka 900 mara nyingi ni ya kipande kimoja tu cha ukuta. Hayo makanisa ya parokia yalijengwa, yakaongezwa, yakabomolewa nusu, yakakarabatiwa, na ukijua pa kuangalia unaweza kufuata kila hatua kwa macho. Mwambie huyo mtu wako apige picha hivi.

Aanze nje na azunguke jengo lote kabla ya kuingia. Madhabahu karibu kila mara iko mashariki, na mnara mara nyingi uko magharibi, kwa hivyo ukijua mashariki ni wapi haupotei. Halafu aangalie ukuta wenyewe, pambo atalikuta tu. Atafute mahali ambapo mawe yameachana kwa mstari mmoja wima kutoka chini hadi juu, ya upande huu hayajashikana na ya upande ule. Fundi yeyote wa mjengo akiona hiyo atakwambia ukuta mmoja ulikuwepo na mwingine ukaja kuunganishwa baadaye. Pia apige upande wa mnara unaoangalia paa, juu kidogo ya paa la sasa, juu huko wakati mwingine unaona alama ya paa la zamani lililokuwa na mwinuko mkali zaidi.

Sasa madirisha, na hapa chukua muda. Tao la duara, ukuta mnene, dirisha dogo, zigzagi zimechongwa kuzunguka mlango, hiyo ni kazi ya Wanormani, waliovamia Uingereza 1066, na mtindo wao ukaendelea hadi karibu 1190. Ukitaka kuiona ikiwa bado nzuri kabisa tafuta picha za kanisa la Kilpeck, kule Herefordshire, la karibu 1140: chini ya paa kuna safu ya vichwa na wanyama wa kuchongwa, na mmojawapo ni mbwa na sungura wamekaa bega kwa bega, na mawe ni mekundu hivi ukiyaangalia jioni huamini. Baadaye tao linapata ncha juu. Dirisha refu, jembamba, halijagawanywa: karibu 1190 hadi 1250. Likiwa pana na juu yake mawe yamechongwa maduara, majani na mistari ya kupindapinda, weka 1250 hadi 1350. Halafu ikaja tauni ya 1348 na 1349, watu wakafa wengi sana, na kazi za baada ya hapo zina mistari ya mawe inayopanda wima moja kwa moja, dirisha kubwa linaloingiza mwanga mwingi, na tao limebonyea. Huo mtindo ulienda hadi karibu 1530. Huu mpangilio wa mitindo ulitolewa na Thomas Rickman, msanifu majengo Mwingereza, mwaka 1817 na mpaka leo watu wanautumia.

Lakini chunga. Dirisha linaweza kuwa changa kuliko ukuta wake, walikuwa wanatoboa ukuta mzee wanaingiza dirisha jipya. Kwa hivyo usitaje umri wa kanisa kwa dirisha moja.

Ndani, kumbuka pesa. Zamani paroko ndiye alitunza upande wa madhabahu, na waumini wakatunza upande wanaokaa wao, ndio maana unapata upande wa watu umejengwa kwa fahari na upande wa madhabahu uko duni, ama kinyume chake. Sisi watu wa harambee hii tunaielewa bila kufafanuliwa. Karibu na madhabahu, ukuta wa kusini, kuna kibeseni cha jiwe chenye tundu, kasisi alimwaga hapo maji ya kuoshea vyombo vya ibada. Ukikiona kibeseni kama hicho kwenye ukuta wa pembeni mbali na madhabahu, jua hapo palikuwa na madhabahu nyingine, imeondolewa. Na kama kuna ngazi nyembamba ndani ya ukuta inayoishia kwenye kimlango kilicho hewani, ilikuwa inapanda kwenye roshani ya msalaba mkubwa. Hizo roshani na misalaba yake ziliangushwa karne ya 16 wakati wa Mageuzi ya Kidini, na picha za ukutani zikapakwa chokaa.

Ukarabati mkubwa ulikuja enzi za Malkia Victoria, na msanifu majengo kama George Gilbert Scott alipitia makanisa mengi sana. Alama za ukarabati huo: vigae vya rangi vyenye michoro sakafuni, viti vyote vya aina moja, kona za mawe kali mno, madirisha yote yanafanana kupita kiasi. Na kuta za ndani zimekwanguliwa plasta mawe yakaachwa wazi, watu wanadhani ndio ukale wenyewe, kumbe watu wa zamani walipiga plasta na kupaka rangi. Mwaka 1877 William Morris, msanii na mwandishi, alikasirishwa na mpango wa Scott huko Tewkesbury akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Msimamo wao ni wa haki: rekebisha kilichoharibika, usibuni ukale ambao haukuwepo.

Mwisho aangalie katikati ya mawe. Chokaa ni nyeupe au ya maziwa, ina vidonge vidogo vyeupe, ni laini kuliko jiwe na inapitisha unyevu. Simiti ni ya kijivu na ngumu, unyevu unakosa pa kutokea unapitia kwenye jiwe, na uso wa jiwe unaanza kubanduka vipande vipande. Ukiona mawe yameliwa lakini simiti imebaki imesimama, umeona kosa la mkarabati.

Mimi hili linaniuma kwa sababu ya kwetu. All Saints pale Nairobi, jiwe la msingi 1917, ramani yake ilichorwa na Temple Moore, msanifu majengo aliyefunzwa na mtoto wa huyo Scott na kukarabati makanisa ya kale ya Yorkshire, kwa hivyo hii si elimu ya mbali. Na huku Magharibi misheni zina zaidi ya miaka 100, Kaimosi ni 1902, Maseno 1906. Kama kanisa lenu ni la mawe ya zamani na kamati inataka simiti na tiles, kwanza pigeni picha kila ukuta ndani na nje, kisha mkune kidogo kwenye kona isiyoonekana mjue mafundi wa kwanza walitumia nini, na muulize wazee ni upande gani uliongezwa na nani alichanga.